Mapigo ya Wimbo ni Deni la Nani?

Je, aanzishaye wimbo ndiye mwenye wimbo? Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna jambo la uadilifu. Na tulitazame katika bluzi za Injili za Wamarekani Weusi, ambamo kiongozi huita na wenzake huitikia.

Tarehe 20 Aprili 1930, mjini Atlanta, Marekani, Blind Willie Johnson, mwimbaji kipofu wa Texas, alirekodi "John the Revelator" pamoja na Willie B. Harris. Johnson anauliza kwa sauti nzito yenye kukwaruza. Harris anajibu kwa sauti nyororo. Chini yao gitaa linashika mwendo wake. Jibu laangukia mahali pake kwa sababu mahali hapo hapakuhamishwa.

Huenda mtu akahoji: mapigo yasiyobadilika si pingu? Moyo ukipanda, kwa nini mwimbaji asiufuate? Hoja hii ina uzito. Mpiga gitaa aliye peke yake aweza kurefusha mstari au kuufupisha apendavyo, na waimbaji wengi wa bluzi wamefanya hivyo pasipo kumkosea mtu. Lakini amwitapo mwenziwe, hayuko peke yake tena. Kila mwito ni ahadi kwamba nafasi ya jibu itakuwapo, na ahadi ni deni. Kiongozi anayeharakisha kwa kulewa sauti yake humnyang'anya mwenziwe nafasi ya kuvuta pumzi. Kisha watu humlaumu aliyechelewa, wala si aliyekimbia.

Wala uhuru haupotei. Katika nyimbo zake Johnson huweza kuliacha neno kinywani, uzi wa gitaa ukalimalizia. Sikio halipotei, maana mapigo yangalipo. Na kundi zima likitaka kwenda kasi zaidi, na liende, mradi waende wote. Mwendo uliokubaliwa haukuvunjwa.

Nasi walimu twalijua kosa hili. Twasoma sentensi, darasa laitikia. Wepesi wakijibu, twasonga mbele, na wazito twawaita wavivu.

Katika Kiswahili twasema kwamba waitikiaji huupokea wimbo. Neno hilo latosha kutuonya: ni vigumu kupokea kitu kutoka mkononi mwa mtu anayekimbia.