Jembe la Siku ya Tatu

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa zaidi kwa mzaha, kumwondosha mtu aliyezoea chakula cha wenyewe. Lakini ndani yake mna swali zito kuliko mzaha huo: mtu huwa wa kijiji kwa kulala pale, au kwa kulima pale?

Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, panafaa kuulizwa swali hili. Tarehe 18 Februari 1872 waliingia hapo Henry Stanley na David Livingstone, wakitokea Ujiji. Stanley akashika njia ya pwani tarehe 14 Machi. Livingstone akabaki katika nyumba ya tembe, akiwangoja wapagazi ambao mwenzake angemtumia kutoka pwani, na hakuondoka hadi tarehe 25 Agosti. Miezi sita na wiki moja! Kwa hesabu ya methali, jembe lilichelewa mno.

Naye hakuwa mtu asiyekijua kijiji. Alizaliwa mwaka 1813 huko Blantyre, Uskoti, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, ambamo jamaa nzima iliishi chumba kimoja. Alipotimiza miaka kumi naye akaingia kiwandani. Kitanda na kazi vilikuwa hatua chache tu. Leo vijiji vingi vya Uskoti, kandokando ya Glasgow na Edinburgh, ni vijiji vya kulala. Alfajiri watu hutoka kwa gari na treni kwenda kazini mjini, magharibi hurejea, na mchana njia huwa kimya. Wapo wasemao kwamba vijiji vya namna hiyo vimekwisha kufa. Hukumu hiyo ni ya haraka, na Unyamwezi una la kuijibu.

Katika karne ya 19 Unyamwezi ulikuwa nchi ya watu waendao. Mvua zikisha kukatika na mavuno yakisha kuwekwa ghalani, maelfu ya wanaume walijitwika pembe za ndovu wakaelekea Bagamoyo, safari ya miezi kama mitatu. Wengi wao walitaka kurejea kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, wawahi kulima. Mpagazi aliweza kukosekana nyumbani nusu ya mwaka na bado akawa mtu wa kijiji, kwani mwendo wake wenyewe ulipimwa kwa msimu wa shamba. Na jembe kwao halikuwa chombo cha kazi tu: lilikuwa mali ya kubadilishia bidhaa, lilikuwa mahari.

Hata hivyo, habari hii isipambwe kupita kiasi. Mume akiwa njiani, kuna mke aliyebaki na watoto, wazee na ghala, na sifa ya msafiri haikumfikia yeye.

Tena msomaji wa visiwani asijisahau. Matajiri waliotoka Unguja na Omani wakajenga Tabora na Kwihara walikuwa na mashamba mazuri, ila jembe lilikuwa mikononi mwa watumwa. Hapo kipimo cha methali kinavunjika. Aliyelima kila siku hakuwa na kijiji. Aliyekuwa na kijiji hakulima. Mpagazi na mtumwa walipita njia ile ile ya misafara, huenda wakiwa na mizigo ya uzito mmoja, lakini mmoja alikuwa na pa kurudi na mwingine alinyang'anywa hata hapo. Livingstone, adui mkubwa wa biashara hiyo, alilala miezi yote ile chini ya dari iliyotokana nayo. Hakuwa na dari nyingine, ni kweli. Lakini dari ni dari.

Alifariki Mei 1873, kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake, na Oktoba wakaufikisha Unyanyembe, walikomkuta Mwingereza Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia marehemu. Cameron akashauri azikwe pale pale. Kama kulala mahali kunatosha kumfanya mtu wa mahali, ushauri huo ulikuwa na haki yake. Wapagazi wakakataa. Wakajitwika mwili, wakashika njia ya pwani, na Februari 1874 wakaingia Bagamoyo.