Jipu la Sungura Halitumbuliwi

"Ni sungura tu." Maneno haya matatu husemwa kwa sauti ya kutuliza, na mara nyingi husemwa na mtu mzima kwa mtoto aliyekuja mbio kutoka uani kueleza kwamba sungura wake amevimba mguu wa nyuma. Hayana ukatili ndani yake, yana hesabu. Na Tunduma, mji wetu huu wa mpakani, ni mji wa hesabu: mama muuza nyanya wa hapa anakurudishia chenji ya kwacha kwa noti ya shilingi bila kugusa kikokotoo, na anajua vizuri kwamba kitu ambacho kukitengeneza ni ghali kuliko kununua kipya hakina haja ya kutengenezwa. Hesabu hiyo ndiyo inayonikera wiki hii. Kwa mguu wa sungura imekosewa tangu mstari wa kwanza, kwa sababu wengi wetu hatujui tunachokitazama tunapoutazama uvimbe ule.

Tuanze na jina tunaloupa uvimbe huo, jipu. Tangu Rais John Magufuli aingie Ikulu mwishoni mwa 2015 na kuanza kuwatimua watendaji, Watanzania tumekuwa mabingwa wa kutumbua majipu, hata wale ambao hawajawahi kushika wembe. Msemo ule ulinata kwa sababu kila mtu analijua jipu la binadamu: linaiva, linatumbuliwa, usaha unamwagika, na jioni hiyohiyo mgonjwa analala usingizi. Sungura hakuumbwa hivyo. Chembe nyeupe za damu yake hazina uwezo wa zetu wa kuuyeyusha usaha, kwa hiyo usaha wake ni mzito, mweupe, kama dawa ya meno iliyoanza kukauka mdomoni mwa tyubu. Mwili huuzungushia ganda gumu na kuuacha hapo. Ukilipasua jipu kwa wembe, usaha unatoka kidogo kwa kukamuliwa, ganda linabaki, vimelea vinabaki ndani yake, ngozi inafunga juu, na baada ya wiki chache uvimbe umerudi, safari hii mkubwa zaidi. Sindano nayo husaidia kidogo tu, kwa kuwa dawa husafiri kwa damu na damu haipenyi vizuri ndani ya ganda lile. Ndiyo maana daktari anayewajua sungura hupenda kulitoa jipu zima pamoja na ganda lake, bila kulipasua, kama mtu anavyotoa kiini cha yai kikiwa kizima. Mguuni hata hilo ni gumu, maana hakuna nyama ya kuchezea pale, ni ngozi, kano na mfupa. Mara nyingi hulazimika kulifungua, kulisafisha, kuliacha wazi na kuliosha kwa wiki kadhaa. Kama usaha umeshafika kwenye mfupa, habari ni nyingine kabisa, na pengine picha ya eksirei ndiyo itakayosema ukweli.

Hapo nimezungumza kana kwamba uvimbe wenyewe una uhakika wa kuwa jipu. Hauna. Inaweza kuwa mfupa uliovunjika baada ya mguu kunasa kwenye tundu la wavu, mwiba uliozama, alama ya meno ya mwenzake, au uvimbe wa aina nyingine usio na usaha hata tone. Anayeshika wembe kabla ya kujua ni kipi kati ya hivyo hatibu, anabahatisha juu ya mwili wa kiumbe asiyeweza kusema "hapo siumwi".

Na kweli hasemi. Sungura wa ngano zetu, yule ambaye wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, humwita Kalulu, ni msemaji hodari anayemlaghai simba na fisi. Lakini yule ni sungura wa porini. Huyu wa bandani ana asili ya Ulaya, ni mgeni tuliyempa jina la mwenyeji, na ujanja alionao ni mmoja tu: kuficha maumivu. Mnyama anayewindwa akionyesha kwamba anachechemea, ndiye anayekamatwa kwanza. Kwa hiyo hukaa kimya, akijikunja pembeni, akisaga meno taratibu, na dalili ya kwanza ambayo mtu huiona ni majani ya kabichi ya jana kukutwa yalivyo. Ikifika hapo muda hautoshi tena, kwa sababu tumbo la sungura limeundwa kutembea saa zote, na akikaa nusu siku bila kula linaanza kusimama. Wengi wanaosema sungura alikufa "kwa mguu" wangemwona mapema zaidi kama wangeangalia bakuli.

Sasa sakafu, maana hapa ndipo lilipo kosa la msingi. Mbwa na paka wana mito ya nyama chini ya nyayo. Sungura hana. Anategemea manyoya mazito na ngozi nyembamba iliyolala juu ya mfupa wa kisigino. Mgeuze umpakate, utenganishe manyoya ya chini ya mguu kwa kidole gumba. Ukiona duara dogo lililonyonyoka, jekundu, la ukubwa wa punje ya harage, huo ndio mlango. Baadaye duara hilo hupata gamba, gamba hupasuka, vimelea ambavyo siku zote viko juu ya ngozi huingia, na jipu likaanza safari yake. Kinachonyonyoa manyoya yale ni waya mwembamba unaokandamiza sehemu ileile usiku na mchana, au mbao zilizolowa mkojo katika masika yetu haya ambayo kati ya Novemba na Aprili hayakaushi hata nguo. Unene huongeza, na kucha ndefu huongeza zaidi: zikirefuka, vidole huinuka mbele na uzito wote hurudi nyuma kisiginoni. Dereva wa lori anayesubiri foleni ya mpakani hazungumzi na tairi, lakini kila anaposimama hushuka na kuligonga kwa chuma asikilize mlio. Mfugaji anayefungua banda kila asubuhi kutupa majani na kulifunga, bila kumgeuza sungura hata mara moja kwa wiki, ana uangalifu mdogo kuliko huyo dereva.

Nitajibiwa, na jibu lenyewe ni zuri: wavu ulishauriwa na wataalamu. Ni kweli. Banda la kuinuliwa lenye sakafu ya wavu huruhusu kinyesi kudondoka chini, na sungura wasiokanyaga kinyesi chao huepuka koksidia, ugonjwa wa tumbo unaofagia watoto wa sungura banda zima. Simwambii mtu ang'oe wavu. Ninasema wavu ulitatua tatizo la tumbo ukaleta la mguu, na dawa ya la pili ni kipande cha ubao laini chenye nafasi ya sungura kulala akiwa amejinyoosha, juu yake nyasi kavu, kikitolewa na kusuguliwa mara kwa mara. Tunduma kuna mafundi seremala kila mtaa, na vipande vya ubao wanavyovitupa vinatosha mabanda yote ya mji. Ukitumia wavu wa kuku, ule wa waya mwembamba wenye matundu mapana, umechagua sakafu mbaya kuliko zote, na sioni utetezi wake zaidi ya kwamba ulikuwepo nyumbani.

Kuna jibu jingine ambalo ni hatari zaidi kwa sababu linaonekana la huruma: mpe dawa. Dukani kuna amoksilini, ipo nyumbani iliyobaki baada ya mtoto kupona kikohozi, basi ifunguliwe kapsuli, ichanganywe na maji, anyweshwe. Tumbo la sungura linaendeshwa na bakteria wanaochachusha majani, na dawa za jamii ya penisilini zikipitia mdomoni huwaua hao wema na kuwaachia nafasi wabaya, ambao hutoa sumu. Sungura huharisha na kufa ndani ya siku chache, na mwenye nyumba atasema jipu lilimzidi. Dawa za jamii hiyohiyo, zikichomwa sindano kwa kipimo cha daktari, huweza kumfaa. Tofauti kati ya kumponya na kumuua inaweza kuwa njia ambayo dawa imeingilia tu, jambo ambalo halijaandikwa kwenye pakiti iliyotengenezwa kwa ajili ya binadamu. Nasi tunalipa pia: nusu dozi za kukisia, kwa mnyama asiyehitaji dawa hiyo, ni shule ya bure kwa vimelea vinavyojifunza kuishi na dawa tunazozitegemea wenyewe.

Kwa nini basi ushauri sahihi ni adimu? Sidhani kwamba maofisa mifugo wetu ni wavivu. Tiba ya wanyama katika ukanda huu ilizaliwa ikitazama makundi. Sotoka ilipofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890 ilifundisha serikali zote zilizofuata kwamba adui ni kile kinachoambukiza. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 wakoloni walijenga uzio katika eneo hili lililo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ili sotoka isivuke kwenda kusini. Kazi hiyo ya chanjo na karantini ilifanikiwa, hata mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka imetokomezwa. Lakini macho yaliyozoea kundi hayauoni mguu mmoja. Jipu la sungura haliambukizi ng'ombe wa jirani, halifungi mnada, halizuii lori mpakani. Linataka mtu mmoja akae na mnyama mmoja, amguse, afikiri. Kazi hiyo haina ripoti ya robo mwaka, na ofisa wa kata mwenye pikipiki moja na vijiji vingi ataiweka mwisho wa orodha, nami siwezi kumlaumu sana.

Mpinzani wangu mwenye nguvu kuliko wote bado hajazungumza. Yeye anasema: sungura ni kitoweo, Mbeya mjini ni kama kilomita 100, nauli na upasuaji vitazidi thamani ya banda zima, na kuna watoto wa watu wanaokosa dawa. Ninamheshimu, na katika jambo moja ananishinda: kama uwezo haupo, haupo. Lakini haki aliyojipa ya kusema "siwezi kumtibu" haizai haki ya kusema "basi akae hivyohivyo". Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia, na haikuweka bei ambayo chini yake hisia hizo zinakoma. Anayemfuga kwa nyama na hawezi kumtibu, amchinje leo, kwa kisu kikali na mkono wa haraka, kabla usaha haujaenea na nyama haijawa ya kutupwa. Ninaona heshima katika uamuzi huo. Anayemfuga kwa sababu mtoto anampenda, amwambie mtoto ukweli, atafute daktari wa mifugo aliyesajiliwa hata kwa simu, na wakati anasubiri ambadilishie sakafu, amwekee majani mabichi karibu asilazimike kuyafuata, aoshe mikono kila anapomshika. Ninachokikataa ni njia ya tatu, ile inayofuatwa na wengi: kumwacha kwenye waya uleule wiki baada ya wiki, mguu ukinenepa, kwa matumaini kwamba utapona wenyewe au atakufa mwenyewe.

Na hapa hesabu ya Tunduma inaweza kutusaidia, ikipigwa hadi mwisho. Sungura aliyekufa Jumamosi, Jumatatu hununuliwa mwingine sokoni, mweupe, mzima, miguu yake minne ikiwa na manyoya yote. Anabebwa nyumbani ndani ya boksi la sabuni, watoto wakimgombania njiani, kisha anafunguliwa mlango na kuwekwa juu ya waya uliomuua mwenzake, ambao hakuna aliyeupapasa kwa kiganja.