Matone Si Sindano

Tumchukue mama mmoja wa Mtongwe, ng'ambo ya feri. Mwanawe ana miezi minane. Wahudumu wa afya ya jamii wanabisha hodi, kampeni ya polio. Matone mawili mdomoni, wino kwenye kidole cha mwisho, alama ya chaki mlangoni, kwaheri. Miezi miwili baadaye, wiki ya Malezi Bora, kampeni ya afya ya watoto, wanarudi. Mmoja akata kwa mkasi ncha ya kidonge laini cha buluu na kumkamulia mtoto mafuta yake kinywani. Matone tena. Kitabu cha kliniki kiko kabatini chini ya nguo za Idi, hakuna aliyekiulizia. Nyumba zilizobaki ni nyingi na jua ni kali.

Mama mkwe akauliza, "Mwanangu, ile sindano ya miezi tisa vipi?"

"Huyu ashachanjwa, mama, tena mara mbili. Wamekuja papa hapa."

Mtoto alipofika mwaka na nusu kasoro, homa ilipanda, macho yakawa mekundu, vipele vikaanzia nyuma ya masikio na kushuka. Surua. Hospitalini muuguzi akampa vitamini A, kidonge chekundu, na kesho yake akampa kingine.

"Si ndiyo mliyompa nyumbani?"

"Ndiyo, mama. Lakini haizuii surua. Surua inaikomba mwilini, mtoto akaweza kupofuka. Tunamrudishia."

Kuunganisha chanjo na vitamini si kosa. Katika kampeni kubwa ya surua ya mwaka 2002, Kenya iliwapa vitamini A watoto wa chini ya miaka mitano papo hapo walipochanjwa, na ilikuwa busara: ukishamtoa mama nyumbani, mpe yote. Tangu utafiti wa Alfred Sommer kule Aceh, Indonesia, uliochapishwa 1986, inajulikana kwamba kidonge hiki cha bei ndogo huokoa maisha. Ila kazi yake ni yake. Ini huiweka vitamini hiyo akiba ya miezi michache tu, ndiyo maana hurudiwa kila miezi sita hadi miaka mitano. Chanjo huufundisha mwili kumtambua adui, na somo hilo hudumu miaka.

Lawama namtupia zaidi anayehesabu nyumba kuliko mama. Kumwambia "hii ni vitamini, sindano bado" hakuchukui hata nusu dakika. Na kidonge kisichoandikwa kina hatari yake: mtoto akipewa mlangoni Jumatatu, kisha kliniki Alhamisi, aweza kutapika, kuumwa kichwa, na mchanga hata utosi ukamvimba.

Sindano za surua ni mbili, miezi 9 na miezi 18, bure katika zahanati za serikali, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe. Hazingoji kampeni. Na aliyechelewa, maadamu hajatimiza miaka mitano, hupokelewa. Muuguzi atanung'unika kidogo, kisha atamchoma.