Saa ya Jibu

Kuuliza ni jambo moja, na kujibiwa ni jambo la pili. Katika mazungumzo ya kila siku mambo haya hufuatana karibu sana hata hudhaniwa kuwa ni kitu kimoja. Lakini muda ukiingia kati ya swali na jibu, ulimwengu hupata nafasi ya kubadilika, na jibu linapowasili huenda likawa ni habari ya ulimwengu mwingine. Je, hilo bado ni jibu la swali lililoulizwa? Na mtu akidhurika kwa sababu yake, nani atawajibika: aliyeuliza, aliyejibu, au aliyechelewesha? Hili ni tatizo la kale katika maadili, walakini zama zetu zimelipa makao mapya ndani ya kompyuta, na huko laweza kutazamwa kwa uwazi kuliko mahali pengine.

Tuchukue mfano wa kubuni. Karani wa kijiji kimoja cha Nyarubungo, katika nchi ya Ngara na Biharamulo, ana orodha ya kaya katika kumbukumbu ya kompyuta. Siku ya Jumatatu aandika katika programu yake agizo hili: zichaguliwe kaya zilizovuna chini ya magunia matatu, na majina ya wakuu wake yatolewe, ili zipewe msaada wa chakula. Aandika kwa lugha ya C#, ambayo tangu mwaka 2007 ina njia ya kuuliza orodha iitwayo LINQ. Mtu asiyejua atadhani kwamba agizo likiisha kusomwa na mashine, majina yamekwisha patikana. Sivyo. Mashine imehifadhi swali tu. Haijafungua orodha wala haijapima gunia hata moja. Siku ya Ijumaa programu inapodai majina ili yachapwe, ndipo kazi huanza, na hufanywa juu ya orodha ya Ijumaa. Kaya iliyoongezwa Jumatano itaonekana, na iliyofutwa Alhamisi haitaonekana.

Tena kazi yenyewe haifanywi kama wengi wanavyodhani. Mashine haichuji orodha nzima kwanza kisha ikarudi kukusanya majina. Huchukua kaya moja, huipima, hutoa jina lake ikiwa yastahili, ndipo huiendea ya pili. Ikiombwa jina la kwanza tu, husimama mara ilipatapo, na zilizosalia haziguswi. Lakini ikiombwa majina kwa mpangilio wa alfabeti, haina budi kuzisoma zote kabla ya kutamka jina moja. Maana nani awezaye kumtaja wa kwanza hali hajawaona wengine? Hivyo kuna maswali yanayoweza kujibiwa kidogo kidogo, na kuna mengine yasiyojibika ila kwa kuona yote.

Hapo ndipo mambo matatu ya kutafakari yanapozuka. La kwanza, si orodha tu inayobadilika, hata kipimo chaweza kubadilika. Ikiwa idadi ya magunia imewekwa katika kigezo, na kigezo hicho kikapandishwa Jumatano kutoka matatu hadi manne, swali la Jumatatu litatumia manne. Maneno ni yale yale, maana ni nyingine. Lugha ya Java, iliyopata njia ya namna hii mwaka 2014, haikubali kigezo cha ndani kilichotumiwa hivyo kibadilishwe baadaye. Waliotunga sheria yake waliona hatari wakaizibia mlango. La pili, kosa lililoandikwa Jumatatu hudhihirika Ijumaa, mbele ya mtu aliyeomba jibu, naye huonekana kuwa ndiye mkosaji. La tatu, asiyejua desturi hii akiuliza mara tatu, kazi yote hufanywa mara tatu, na yawezekana apate majibu matatu yasiyolingana, kila moja likiwa kweli kwa saa yake.

Je, basi ucheleweshaji huu ni ubaya? Wataalamu wameupa jina la uvivu, lakini jina hilo lisituhadae. Mwaka 1976 Daniel Friedman na David Wise huko Marekani, na Peter Henderson na James Morris katika makala yao, waliutetea uvivu wa mashine: kwa nini kutaabika kwa hesabu ambayo pengine haitahitajiwa kamwe? Lugha ya Haskell, iliyotolewa mwaka 1990, iliufanya uvivu kuwa kanuni yake, nao haukuleta fitina ya majibu. Sababu ni moja: katika lugha hiyo kitu kikiisha kupewa thamani hakibadiliki. Ukiuliza leo au mwakani, jibu ni lile lile. Tunajifunza hapa kwamba kuchelewa peke yake hakuna dhambi. Dhambi huingia pale kuchelewa kunapokutana na ulimwengu unaobadilika, na mtu akajifanya haoni.

Nao ulimwengu wa watu hubadilika. Ngara inalijua hilo kuliko mahali pengi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, wakakusanyika Benaco. Aliyetaka kujua ni wangapi alikuwa akihesabu mto unaokwenda. Orodha ya kawaida katika C# ikibadilishwa wakati inaposomwa, mashine hukatiza kazi na kutangaza kosa. Haitoi jibu isiloweza kulidhamini. Mhudumu wa wakimbizi hakuwa na ruhusa hiyo. Chakula kilipaswa kugawiwa, na hesabu ilipaswa kutajwa, ingawa kabla wino haujakauka mamia wengine walikuwa wamekwisha fika.

Kuna njia ya pili, nayo ni kulifunga jibu katika saa moja. Katika C# mtunga programu huamuru majibu yakusanywe papo hapo yawe orodha mpya, nayo haifuati tena mabadiliko ya ile ya kwanza. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilifanya vivyo hivyo. Makarani walipita nyumba kwa nyumba kwa siku kadhaa, lakini hawakuuliza nani yupo sasa. Waliuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Mtoto aliyezaliwa tarehe 25 hakuhesabiwa hata kama karani alimsikia akilia, na mzee aliyefariki tarehe 24 alihesabiwa hata kama matanga yalikuwa uani. Jumla ya watu 61,741,120 si kweli ya leo, wala haikudai kuwa hivyo. Ni kweli ya usiku mmoja, na usiku wenyewe umetajwa.

Turudi kwa karani wetu. Akilifunga jibu Jumatatu, mama ambaye ghala lake liliungua Jumatano atakosa chakula, na karatasi itasema ana akiba. Akiliacha wazi hadi Ijumaa, mwenye kaya aliyeambiwa Jumatatu kwamba anastahili aweza kukuta jina lake halipo, kwa kuwa mtu alishusha kipimo pasipo kumwambia. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Walisema pia haraka haraka haina baraka. Hawakujipinga. Walijua kwamba kila shauri lina mahali pake.

Kwa hiyo haki haimo katika kuchelewa wala katika kuwahi. Imo katika kujua umefanya lipi, na kumjulisha yule ambaye maisha yake yanategemea jibu. Mwenye kulifunga jibu na aandike tarehe yake, na akubali kuuliza upya mtu akija na habari mpya. Mwenye kuliacha wazi na akiweke kipimo chake hadharani, kisibadilishwe gizani. Mashine hufuata ilivyoagizwa, wala haina dhamiri ya kulaumiwa. Dhamiri ni ya karani, na ya mtunga programu aliyemkabidhi orodha pasipo kumwambia saa yake. Mama aliyesimama mlangoni Ijumaa hana haja ya kujua LINQ ni nini, lakini ana haki ya kuambiwa jina lake lilitafutwa siku gani, na kwa kipimo gani.