Thamani ya Njia

Je, safari ni kufika tu, au njia nayo ina thamani yake? Swali hili laonekana jepesi, maana kila msafiri hulijibu kwa nauli anayolipa na chombo anachopanda. Lakini, msomaji, ukilipima kwa makini utaona kuwa ndani yake limo swali zito zaidi: ni nani aliye na haki ya kuusifu mwendo wa polepole?

Tutwae mfano wa gari la moshi la usiku lililokuwa likienda kutoka Nairobi hadi Mombasa. Ujenzi wa reli hiyo ulianza Mombasa mwaka 1896. Ikafika Nairobi mwaka 1899, na ukingoni mwa ziwa huko Kisumu mwaka 1901. Kwa miaka mingi gari liliondoka Nairobi jioni, na abiria wakalala njiani. Mtumishi alipita ujiani akigonga kengele ya chakula. Na wakati abiria walipokuwa mezani, vitanda vyao vilitandikwa shuka na mablanketi. Usiku gari lilivuka nyika ya Tsavo. Asubuhi aliyefungua dirisha aliona mibuyu na vichaka vya nyika; mbele kidogo, karibu na Mazeras, minazi ilianza kujitokeza, na upepo ukaleta unyevu wa bahari. Mwisho yalionekana maji ya Makupa na kisiwa cha Mombasa. Katika kilomita zipatazo 530 msafiri alikuwa ameteremka zaidi ya mita 1,600.

Mwaka 2017 reli mpya ilifunguliwa. Safari iliyochukua usiku mzima ikawa ya saa tano au sita, na gari la usiku la reli ya zamani likakoma. Wengi walifurahi, na wengine walisikitika.

Waliosikitika wana hoja. Jicho huhitaji muda kama vile tumbo linavyohitaji muda wa kusaga chakula. Aendaye polepole hutambua kuwa bara na pwani si nchi mbili zilizotupwa mbalimbali, bali ni mteremko mmoja, ambao miti yake, udongo wake na lafudhi za watu wake hubadilika hatua kwa hatua. Ayapitaye haya kwa kasi hufika na mwili wake, na fikira zake zikachelewa kumfuata.

Waliofurahi nao wana hoja. Mwenye mgonjwa hahesabu mibuyu. Aendaye kumzika mzazi wake haombi njia irefuke ili apate kutazama macheo. Wahenga walisema kuwa haraka haraka haina baraka. Wakasema pia kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakujisahau waliposema hivyo. Walijua kuwa kila methali ina siku yake, na kazi ya akili ni kuijua siku yenyewe.

Tena tusisahau kuwa gari lile halikuwa moja kwa wote. Chumba cha daraja la kwanza kilikuwa na vitanda viwili. Cha daraja la pili kilikuwa na vinne. Daraja la tatu lilikuwa na viti tu. Katika zama za ukoloni rangi ya mtu ndiyo iliyoamua, kwa desturi, alale au akeshe ameketi. Aliyelala juu ya shuka safi na aliyekesha kitini waliamkiwa na jua lile lile. Lakini mmoja aliliona kama zawadi, na mwingine kama mwisho wa adhabu. Na chini yao wote walikuwapo wengine wasioonekana kabisa. Wafanya kazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga njia ile, na karibu 2,500 miongoni mwao walikufa. Uzuri wa dirisha moja hulipiwa na watu wengi.

Sasa geuza uso wako kaskazini, uitazame Isiolo. Mji huu uko mahali ambapo nchi ya mlima Kenya huteremka na kuingia katika uwanda mkavu wa Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wasomali. Katika zama za ukoloni ulikuwa lango la Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na mtu hakuvuka bila kibali. Reli ya kutoka kusini ilifika Nanyuki katika miaka ya 1930, mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka hapo, ikakomea huko. Mwezi Machi mwaka 2012 mradi mkubwa wa bandari, barabara na reli ulizinduliwa Lamu. Katika mipango yake imo reli ya kutoka Lamu hadi Isiolo. Barabara ya lami imekwisha kufika Moyale, lakini reli hiyo ingali katika karatasi.

Hebu msimamie mama wa huko, aliyembeba mtoto mwenye homa akingoja lori kando ya njia, umwambie kuwa mwendo wa polepole huipa roho utulivu. Maneno yako yatakuwa kweli, nawe utakuwa umemtukana. Polepole ya kuchagua ni hekima. Polepole ya kulazimishwa ni unyimwaji. Haiwi haki basi kwa mwenye kitanda kumhubiria subira asiye na kiti. Kwanza watu wote wapewe njia. Ndipo kila mtu achague mwendo wake.

Lakini wepesi nao una deni. Watu wa Isiolo wanalijua dirisha kutoka upande wa nje, maana kila siku huyaona magari ya watalii yakielekea Samburu na Buffalo Springs, na abiria wakitafuta twiga kwa darubini huku wakimpita mchungaji bila salamu. Reli mpya ya Mombasa ilijengewa madaraja na vivuko ili tembo wa Tsavo wapite. Ni jambo jema. Siku reli itakapoikata malisho ya kaskazini, itafaa kuulizwa mapema: ng'ombe na ngamia watapita wapi, na mwenye mifugo ameulizwa?

Msomaji kijana, yamkini utasafiri kwa kasi ambayo babu zako hawakuiota. Usiione haya kasi hiyo, wala usiiabudu. Popote utakapoketi karibu na dirisha, kumbuka kuwa nchi unayoipita kwa dakika moja ni maisha mazima ya mtu mwingine. Anayelijua hilo amesafiri, hata kama alikwenda upesi. Asiyelijua amechukuliwa tu kama mzigo, hata kama alikwenda usiku kucha.