Mtoto Tunamkabidhi kwa Nani?

Mtu anapohamia mji asioujua, vitu vingi hupandishwa kwenye lori na kufika salama: vitanda, masufuria, mtungi wa gesi, hata kuku. Wasiopakika ni watu wa kuwauliza. Kule alikotoka, mzazi alijua bila kuambiwa kwamba mwalimu wa chekechea ni binti wa mzee fulani, kwamba huimba sauti ya pili kwaya, kwamba hasira yake huwaka na kuzimika upesi. Katika mji mgeni anabakiwa na bango la barabarani, rangi ya sare na kiwango cha ada.

Familia nyingi zimekutana na jambo hili tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016. Watumishi walikuja, na nyuma yao wakaja mafundi, wenye maduka na mama lishe, wengi wao wakiwa na watoto wa miaka mitatu au minne. Bibi alibaki Moshi, shangazi alibaki Mbeya. Hata wasimamizi wa ubatizo, wale waliosimama kando ya wazazi mbele ya usharika na kuahidi kusaidia malezi, wamebaki huko na sasa hutuma salamu kwa simu. Ofisi ipo Mtumba, nyumba imepatikana Nkuhungu, upande mwingine kabisa wa mji. Nani atakaa na mtoto tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi jioni? Swali hilo halisubiri mpaka mzazi apate marafiki.

Akiuliza kanisani, mara nyingi huambiwa, "Omba, Mungu atakuongoza." Ni ushauri mzuri. Tatizo ni kwamba hutolewa kana kwamba aliyeomba hana haja tena ya kwenda kuangalia vyoo. Mama yake Musa hakufanya hivyo. Alimtegemea Mungu, na bado akaziba kisafina kwa lami na sifa ili maji yasiingie, na dada wa mtoto akasimama mbali kidogo aone litakalompata (Kutoka 2:3-4). Mzazi anayeomba kuona cheti cha usajili hajapungukiwa na imani. Kwa taratibu zetu, kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kipo chini ya ustawi wa jamii, na shule ya awali husajiliwa na wizara ya elimu. Kuuliza kituo kimesajiliwa wapi ni sehemu ya kuziba kisafina.

Aende basi akaone, na asiende siku ya kukaribisha wageni, bali siku ya kawaida, saa nne, wakati wa uji. Wakati huo mwalimu amekwisha kuchoka na bado siku ni ndefu. Aangalie anavyosema na dada anayepika uji, maana anayemdharau mpishi mbele ya mgeni hatashindwa kumdharau mtoto pasipo mgeni. Aulize mtoto aliyejikojolea hufanywaje. Arudi tena jioni amwone mtoto wa mwisho kuchukuliwa: amekaa na nani, anafanya nini, anaitwa kwa jina lake au anaitwa "wewe". Mambo haya hayaandikwi kwenye bango. Yanayoandikwa ni mchepuo wa Kiingereza, gari la shule na kompyuta. Mimi sina ugomvi na Kiingereza. Ila gari la shule linalomwamsha mtoto wa miaka minne saa kumi na nusu alfajiri, akazungushwa mji mzima akiwa amelala juu ya begi lake, lingefaa kuhesabiwa kama adhabu. Na kuhusu mahafali ya chekechea, yenye majoho na kofia za chuo kikuu kwa watu ambao bado hawajui kufunga kamba za viatu, nitanyamaza, kwa sababu picha zake huwapendeza sana mabibi.

Swali gumu lipo kwingine. Ili tulifikie, tuanze na Hana.

Tumezoea kumhubiri Hana kama mama wa maombi, tukaishia pale alipojibiwa. Lakini maombi yake yalimfikisha kwenye tendo ambalo mzazi wa leo angelitetemekea: alimchukua mtoto aliyetoka tu kuachishwa ziwa, akamwacha Shilo mikononi mwa mzee Eli (1 Samweli 1:24-28). Na Eli huyu alikwisha kumkosea yeye mwenyewe. Alimwona akiomba kwa uchungu, akadhani amelewa. Juu ya hapo, nyumba ya Eli ilikuwa na wanawe, Hofni na Finehasi, waliokuwa wakiwanyang'anya watu nyama ya sadaka kwa nguvu. Hekalu la Bwana lilikuwa hilo, na mambo ndiyo yalikuwa hayo. Anayefikiri kwamba msalaba uliochorwa kwenye geti la kituo unamwondolea kazi ya kuchunguza, asome sura ya pili.

Mtoto wa Hana alikuwa salama. Samweli akakua, mama yake akawa akimletea joho dogo kila mwaka, na hatusomi kwamba wana wa Eli walimgusa. Ingekuwa habari ya familia moja tu, ingeishia hapo kwa shukrani. Lakini Biblia haiishii hapo. Watu waliokuwa wakinyang'anywa walisema, na habari zikamfikia mzee. Eli akawaonya wanawe kwa maneno, kisha akaendelea kuishi nao kama zamani. Usiku ule Samweli alipoitwa kwa jina, ujumbe wa kwanza aliopewa, naye bado kijana mdogo, ulihusu hukumu ya nyumba ya mlezi wake: kwamba Eli aliujua uovu wala hakuwazuia (1 Samweli 3:13). Neno linalonigusa hapo ni "kujua".

Mama mmoja muuguzi, ninayemfahamu kwa miaka mingi, alihamishiwa Dodoma akiwa na mtoto wa miaka minne, mumewe akabaki Njombe kwa kazi. Alitembelea vituo vitatu. Cha pili kilimvutia kuliko vyote: ukuta uliopakwa rangi, bembea mpya, watoto wanaoimba kwa furaha. Akiwa amesimama na mhasibu akiandikiwa ada, alimwona mtoto wa kiume kando ya mlango wa darasa, kaptula imelowa, uso ameuelekeza ukutani. Wenzake walipokuwa wakipita kwenda kunawa mikono, mwalimu aliwafundisha wamzomee. Wakamzomea. Yule mama alikunja karatasi ya ada akaitia mkobani, akaondoka, na wiki hiyohiyo akampeleka mwanawe kituo cha tatu, chenye ukuta mbaya na mwalimu mpole.

Kwa hesabu ya kawaida alikuwa amefanya vizuri. Shemeji yake alimwambia kwenye simu, "Mtoto wako yuko salama, mshukuru Mungu. Dodoma nzima huwezi kuiokoa." Yeye akaniuliza: je, nimemaliza?

Sipendi kulijibu swali hilo haraka, kwa sababu upande wa kunyamaza una hoja zake. Yeye ni mgeni mjini, wala hajui nani ni ndugu ya nani. Mwalimu yule pengine anapokea mshahara ambao hautoshi hata nauli, na ana watoto thelathini wa kuwahudumia peke yake. Na ikiwa kituo kitafungwa, mama anayeuza mchicha katika soko la Majengo atampeleka wapi wake? Atamfungia ndani, au atakaa naye juani siku nzima. Mara nyingi anayeweza kuchagua kituo ni yule mwenye mshahara. Wengine huchukua kilicho karibu na kilicho rahisi. Hoja hii ya mwisho ni nzito, ila nadhani inaelekea upande mwingine. Kama mwenye uwezo wa kuchagua akiona baya huondoka kimya, wanaobaki ni wale wasioweza kuondoka, na kituo hakitajua kamwe kwa nini wazazi wengine hawarudi. Uhuru wetu wa kuchagua unakuwa njia ya kuwaachia watoto wa wengine kile tulichokikataa kwa ajili ya wetu.

Inafaa kukumbuka pia kwamba malezi ya pamoja ya watoto wadogo hayakuanza kama mashindano ya kumtanguliza mtoto wako. Huko Alsace, Ufaransa, katika milima ya Ban de la Roche, mchungaji Johann Friedrich Oberlin alianza kutumika mwaka 1767 miongoni mwa wakulima maskini sana. Wazazi walikwenda shambani na watoto wakabaki wakizurura. Msichana mmoja, Sara Banzet, akaanza kuwakusanya nyumbani, akiwafundisha kufuma, kuimba na kutambua mimea. Oberlin akaitambua kazi hiyo na kuieneza vijijini, na Louise Scheppler akaitumikia kwa miaka mingi. Hao wasichana hawakuwa wakilea watoto waliowazaa. Na makanisa yetu yalipofungua chekechea kwenye vyumba vya nyuma vya majengo ya ibada, mara nyingi sababu ilikuwa hiyohiyo: yupo mtoto, na mwenye mtoto yupo kazini.

Tunapenda kusema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Tunausema msemo huo tunapohitaji mkono wa mwingine kwa ajili ya mwana wetu. Ni nadra kuusikia pale mkono unaohitajika unapokuwa wetu, na mwana si wetu wala hatumjui jina.

Yule mama alirudi kituo cha pili siku ya Jumamosi, kulipokuwa hakuna watoto, akaomba kuonana na mwenye kituo. Hakwenda kwa ukali. Aliamkia, akajitambulisha, akaeleza alichokiona: mtoto, kaptula, ukuta, kuzomea. Akasema pia, kwa kuwa ni muuguzi, kwamba mtoto wa umri ule kujikojolea ni jambo la kawaida, na kwamba kaptula mbili za akiba kabatini zingemaliza tatizo. Mwenye kituo alikuwa mama mtu mzima, mwenye heshima zake. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kuelewa kweli:

"Sasa mama, wewe mtoto wako hayupo hapa. Haya yanakuhusu nini?"

Aliniambia kwamba jibu la haraka halikumjia. Alifikiria kutaja kazi yake, akaona haifai. Alifikiria kutaja kanisa, akaona mwenzake pia anasali. Mwishowe akasema tu, "Yule wa mlangoni anaitwa nani?"

Mwenye kituo akakaa kidogo. Akafungua daftari la mahudhurio, akaanza kupitisha kidole kwenye majina, akitafuta.