Joto Linakwenda Wapi?

Nilipoacha chuo mwaka wa pili nilirudi kwa bibi, Mji wa Kale, Mombasa. Nyumba yake ina umri kumshinda: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene kama nusu mita, na vyumba virefu vyembamba, maana boriti za mikoko hazivuki mbali, mita 3 hivi, basi. Nilikuwa na laptopu, vibarua vya kuandika vya hapa na pale, na aibu. Bibi hakuniuliza lolote kuhusu chuo. Aliniuliza kama nimekula.

Kaskazi ya mwaka huo ilikuwa kali. Bibi ana presha, na daktari alitwambia joto la usiku linamchosha moyo. Basi malipo yangu ya kwanza ya maana yaliishia kwenye kiyoyozi cha mtumba. Fundi akaja, akatoboa ukuta, akafunga ile mashine ya nje upande wa kichochoro. Usiku huo bibi alilala hadi adhana ya alfajiri bila kuamka. Nilijiona mtu.

Wiki ya pili, jirani wa ng'ambo, mama mtu mzima ninayemwita shangazi ingawa hatuna damu moja, akaniita barazani. Nikamwamkia. Akaitikia, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, ile mashine yako yanipumulia dirishani. Siku hizi nalala nimefunga."

Hakugomba. Angegomba ningepata pa kushikia.

Kichochoro chetu hakifiki mita 2. Dirisha lake na mashine yangu zilikuwa zinatazamana kama watu wawili kwenye matatu. Siku hiyo ndipo nilipotafakari jambo nililofundishwa sekondari nikalisahau: kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinahamisha joto. Gesi inazunguka kwenye mabomba ya shaba. Ndani inanyonya joto la chumba, nje inakandamizwa na kulitema. Na umeme unaoisukuma nao unaishia kuwa joto. Kwa mashine ndogo kama yangu, ukitoa mafungu saba ya joto ndani, nje yanatoka kama tisa. Yaani shangazi hakupewa joto la bibi tu. Alipewa pamoja na riba.

Kichwani nilijitetea kama wakili. Kwanza, bibi ni mgonjwa. Hoja hii ni nzito na sijaiacha mpaka leo. Lakini inanipa ruhusa ya kumpunguzia bibi joto. Hainiambii nikalitupe wapi. Pili, mbona hoteli zina mashine mia? Kweli, lakini shangazi halali kando ya hoteli. Analala kando yangu. Tatu, kwani yeye hawezi kununua yake?

Hii ya tatu ndiyo iliyonitisha, maana niliiona sawa kwa siku nzima. Tuseme anunue. Yake itapumua kwangu, yangu kwake, na nyumba ya tatu itanunua kwa sababu yetu sisi wawili. Mwisho kichochoro kizima kinakuwa tanuri, na anayebaki ndani ya tanuri ni yule asiyeweza kulipia tokeni za stima. Raha ambayo ukiitumia unamlazimisha jirani yako naye aitafute, na asipoipata anaungua kwa niaba yako, sijui kama bado tunaweza kuiita haki.

Kuna jibu rahisi linalopendwa sana mitandaoni: wazee walijua, turudi kwa wazee. Na kweli nyumba hizi zenyewe ni mitambo ya kupoza. Ukuta mnene huchelewa kushika joto. Kiwanda cha katikati hutoa hewa moto kwenda juu. Nyumba zimebanana ili kila moja imtilie mwenzake kivuli; kichochoro chembamba si ubahili wa ardhi, ni mwavuli. Ubaridi wa zamani uligawanywa. Wa kwangu ulinyang'anywa.

Ningependa kuishia hapo, lakini ningekuwa nadanganya. Nyumba za mawe zilikuwa za wenye mali, na katika pwani hii utumwa ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1907 tu. Mawe na boriti hazikujibeba. Wengi waliotoka jasho kwa ajili ya kuta hizi walilala kwenye vibanda vya makuti. Kwa hivyo swali langu si geni: mtu akipoa, nani amebeba joto lake?

Na sisi warithi tumeiharibu hata hiyo mitambo. Mjomba aliezeka kiwanda kwa mabati apate chumba cha kupangisha, hewa ikakosa pa kutokea. Baadaye kuta zikapigwa plasta ya saruji zing'ae. Chokaa hupumua, saruji huufungia unyevu ndani ya jiwe, na plasta ikaanza kubanduka vipande vipande. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutwambia kwamba ukiuziba kwa kitu kisichofaa utaujenga vile vile.

Basi nilifanya nini? Kidogo, na polepole. Tulitoa mabati nusu ya kiwanda, mjomba akanuna mwezi mzima. Mashine ya nje niliihamishia juu ya paa. Fundi alinionya: bomba la shaba likirefuka, gharama inapanda na nguvu inapungua. Nikalipa kwa mafungu. Aligundua pia kwamba gesi imepungua, akataka kuongeza tu aende zake. Lakini gesi ya kiyoyozi hailiwi kama petroli, ikipungua, inavuja. Na hiyo yetu ni R22, ile inayoondolewa polepole chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Kwa uzito ule ule, hupasha dunia zaidi ya mara 1,700 ya kaboni dioksidi. Nikamwomba atafute tundu kwanza. Alinitazama kama mtu mwenye pesa za kuchezea. Sina. Ila nilikuwa nimeshachoka kutupa vitu vyangu mahali nisipopaona.

Shangazi sasa analala dirisha wazi. Sijamaliza deni, najua. Joto la bibi bado linatoka, sema limepandishwa ghorofa, na upepo unalipeleka kwa mtu nisiyemjua jina. Nisiyemjua jina ni jirani pia, tatizo ni kwamba hawezi kuniita barazani. Kusi ikianza kuvuma tunazima mashine, tunafungua madirisha yote, na bibi anadai hata hakuihitaji.

Kila mwezi nasafisha kichujio, maana kikijaa vumbi mashine inakula stima zaidi kwa ubaridi ule ule. Kisha napanda juu ya paa kutazama ile ya nje. Naweka kiganja mbele ya feni yake na kukiacha hapo mpaka nisipoweza tena.